Jibu: Natembea kila siku, mbona sioni raha ya mazingira?

Ndugu, umesema unapita njia ileile kila asubuhi na hakuna kinachokuvutia. Mimi ningeanza na pua, siyo macho. Macho yameshaizoea njia hiyo. Toka nje mvua inapoanza kudondoka kwenye ardhi kavu. Ile harufu ya udongo hutokana zaidi na geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Tone likigonga ardhi hunasa viputo vidogo vya hewa, navyo vikipasuka huirusha harufu juu. Pua ya binadamu huidaka hata ikiwa kidogo mno, kwa hiyo huna haja ya kuinama wala kujilazimisha.

Siku kavu, chuma jani moja (la mmea unaoujua tafadhali, mengine huwasha), lipapase kwanza. Juu mara nyingi ni laini, linateleza. Chini utakuta mishipa imetuna, pengine na vinyweleo. Kisha lifikiche, ulinuse. Gome la mti nalo liguse upande wa jua, halafu wa kivuli. Utashangaa tofauti ya joto.

Spika za masikioni ziache nyumbani. Na usijipangie kufurahi kila siku. Siku nyingine ni kutembea tu, basi.