Je, ni lazima niandike kila siku?

SWALI: Mimi ni mwajiriwa, naandika usiku baada ya kazi. Nimeshachapisha hadithi fupi tatu, na kila moja niliimaliza kwa usiku mmoja au miwili. Sasa nipo kwenye riwaya na mambo yamegoma. Usiku mmoja natoa maneno 2,000, kisha wiki mbili zinapita sijaigusa. Nimekwama sura ya tano. Naambiwa mwandishi wa kweli huandika kila siku, saa ile ile. Ni kweli? Wewe mwenyewe unafanyaje? Halafu, watu wakiniuliza kwa nini naandika, nababaika. Je, ni lazima nijue? Na mwisho, kalamu au kompyuta?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo la "mwandishi wa kweli" liweke kando, halina msaada. Ratiba ya kuandika inategemea kwanza urefu wa kazi yenyewe. Hadithi fupi unaweza kuibeba yote kichwani kwa usiku mmoja, ndiyo maana mtindo wako ulikufaa mpaka hapa. Riwaya haibebeki hivyo.

Mwandishi Franz Kafka naye alikuwa mwajiriwa, kwenye ofisi ya bima mjini Prague, na aliandika usiku. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Septemba 1912 alikaa mezani akaandika hadithi yake ya Kijerumani "Das Urteil" ("Hukumu") mwanzo hadi mwisho, kulipokucha akaweka kalamu chini. Akaandika katika shajara yake kwamba hivyo tu ndivyo inavyowezekana kuandika. Riwaya alianza tatu. Alipofariki mwaka 1924, hakuna hata moja aliyokuwa ameikamilisha. Siwezi kuulaumu usiku peke yake, kwa sababu alikuwa mgonjwa na aliihukumu kazi yake kwa ukali mno. Lakini nikiletewa mswada uliokwama sura ya tano, swali langu la kwanza huwa ni siku ngapi zinapita kati ya kikao na kikao.

Upande wa pili yupo Anthony Trollope, mtumishi wa posta Uingereza. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ya mfukoni mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, kisha akaenda kazini. Alimaliza riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, wapo waliochukizwa kusoma kwamba sanaa inaweza kupimwa kwa saa namna ile. Mimi halinichukizi, ila sikushauri umwige, maana siku utakayokosa maneno 250 ya robo saa ya kwanza, utaifunga kompyuta ukalale. Kwenye mazoea yake kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi: kabla ya kuandika alitumia nusu saa kusoma alichoandika jana, akisikiliza mlio wa sentensi zake.

Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Piga hesabu: maneno 2,000 kila wiki mbili ni 1,000 kwa wiki, na riwaya ya maneno 70,000 itakuchukua wiki 70. Si mwendo mbaya hata kidogo. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, utamaliza kwa wiki 47 hivi. Kwa hiyo tofauti kubwa haiko kwenye hesabu. Iko kwenye gharama ya kurudi. Baada ya wiki mbili unasahau nani anajua siri ipi, barua ilibaki mikononi mwa nani, msimulizi alikuwa akizungumza kwa ukali au kwa dhihaka. Nusu ya usiku inaishia kusoma nyuma, na ukisoma nyuma unaanza kurekebisha sura ya kwanza, ambayo bila shaka sasa inang'aa kuliko zote.

Fanya hivi. Kabla ya kufunga, andika nusu ukurasa wa mwendelezo: kila mhusika yuko wapi, anajua nini, anataka nini, ni siku gani ndani ya hadithi, na tukio linalofuata ni lipi. Acha ukiwa bado una la kusema, hata katikati ya mazungumzo ya wahusika. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alilisisitiza sana hili, kuacha wakati unajua kinachofuata. Halafu usiruhusu zipite siku tatu bila kikao, hata kikao cha aya moja. Kila siku si lazima. Saa ile ile inasaidia, ila ni ya ziada.

Mimi huandika asubuhi, kwa sababu jioni macho yangu yamechoshwa na miswada ya watu. Muziki wenye maneno siuwezi, unaingia kwenye sentensi. Kuhariri hufanya wakati wowote, hata kwenye foleni.

Kuhusu kwa nini unaandika: mwandishi Mwingereza George Orwell, katika insha ya mwaka 1946, aliacha kando haja ya kujipatia riziki akataja sababu nne, yaani majivuno, kupenda uzuri wa lugha, kutaka kuhifadhi ukweli wa mambo yalivyotokea, na nia ya kisiasa. Alisema zote zimo ndani ya kila mwandishi, kwa viwango vinavyobadilika. Kwangu ya pili ndiyo inayotawala, na ya kwanza sithubutu kuikana. Huhitaji jibu la kuwapa watu. Unalihitaji wakati wa kukata. Aya tamu isiyosogeza tukio, unaifuta au unaiacha? Anayeandika kuhifadhi yaliyotokea ataifuta, anayeandika kwa ajili ya mlio wa lugha ataitafutia mahali. Andika sababu ya riwaya hii moja kwa sentensi moja, na usimwonyeshe mtu.

Kalamu au kompyuta, chagua usichokifikiria ukiwa unaandika. Faida ya kalamu ni moja tu ya kweli: ukihamishia kwenye kompyuta, umeshafanya rasimu ya pili. Kurekodi sauti kwa simu kunafaa kwa mazungumzo ya wahusika, kwa usimulizi huwa kunaleta maneno mengi mno.

Kwa sura ya tano, usirudi mwanzo. Soma kurasa mbili za mwisho, andika ukurasa wako wa mwendelezo, kisha ruka hadi tukio unalolijua. Pengo utaliziba baadaye, na mara nyingi utakuta lilihitaji sentensi mbili tu.