Jicho halioni baada ya ajali ya bodaboda

Pole sana dada. Umesema mdogo wako alianguka na bodaboda Arusha juzi, akagonga paji la uso, jicho la kulia halioni, na jirani anashauri sindano za steroidi (dawa za kupunguza uvimbe). Tafadhali msimchome! Utafiti wa CRASH, uliohusisha wagonjwa 10,008, ulionyesha dozi kubwa ya dawa hizo baada ya kuumia kichwa huongeza vifo. Mpelekeni hospitali ya KCMC, Moshi, leo hii. Akianza kutapika au kusinzia, hospitali ya karibu kwanza. Daktari atamulika tochi jicho lisiloumia, kisha lililoumia: mboni yake ikitanuka badala ya kusinyaa, neva ya jicho (inayopeleka picha kwenye ubongo) imeumia, hata kama jicho kwa nje linaonekana salama. Kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kitaonyesha kama mfupa unaibana neva hiyo. Wapo wanaoanza kuona tena bila dawa wala upasuaji.