Mashapo kwenye bia ya Ubelgiji

Ndugu yangu, hiyo Westmalle Tripel uliyoletewa haijaharibika, usiimwage. Mashapo uliyoyaona chini ni hamira. Bia hii ya watawa wa Ubelgiji huchachuka tena ndani ya chupa.

Isimamishe kwenye friji siku nzima, kisha itoe. Kwa joto letu la Tanga dakika 10 zinatosha. Ikiwa baridi sana ladha hujificha. Mimina taratibu kwenye glasi pana, mashapo yabaki. Nusa kabla ya kunywa. Mimi nilisikia ndizi mbivu, halafu uchungu mkavu ukabaki kooni. Niliipenda mno!

Ila ina kilevi asilimia 9.5, karibu mara mbili ya bia tulizozoea. Gawaneni wawili, pikipiki uiache nyumbani. Kama unatumia dawa, muulize daktari kwanza.