Kwa nini ganzi ya meno si kidonge
Umeuliza kwa nini ganzi ya daktari wa meno isitengenezwe kidonge tukameza kila tunapoumwa. Tatizo ni kwamba lidokeini, dawa ya ganzi hiyo, haichagui. Neva husafirisha maumivu kwa kufungua vilango vidogo vya sodiamu kwenye utando wake. Lidokeini inaviziba, taarifa haifiki kwenye ubongo. Sasa, vilango hivyo viko vya aina 9, na moyo nao una vyake. Dawa ikizagaa mwilini kwa wingi, masikio yanavuma, midomo inakufa ganzi, halafu degedege, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana unachomwa pale pale kwenye fizi.

Karbamazepini ya kifafa nayo inaviziba, hata maumivu ya neva ya uso inayatuliza, ila kizunguzungu na usingizi utavipata.

Inayochagua ipo: suzetrijini, jina la dukani Journavx, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025. Inalenga Nav1.8, aina moja ya vilango hivyo iliyo zaidi kwenye neva za maumivu. Usitarajie miujiza lakini: kwenye majaribio ya wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, haikuishinda haidrokodoni (dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni) iliyochanganywa na parasetamoli. Kinachoifanya itafutwe ni kwamba haigusi njia ile ya afyuni inayoleta uraibu.