Swali moja, majibu mawili: Confucius kwenye darasa lililojaa

Ukitaja jina la Confucius, mwalimu na mwanafalsafa wa China ya kale, kwenye chumba cha walimu, wengi huwaza kukariri. Naomba tumtenganishe na mitihani iliyokuja nyuma yake. Alizaliwa mwaka 551 K.K. katika dola ya Lu, ambako leo ni mji wa Qufu, jimbo la Shandong nchini China. Mitihani ya kifalme ya kuchagua maofisa wa serikali ilianza wakati wa ukoo wa Sui, zaidi ya miaka elfu moja baada ya kifo chake, ikafutwa mwaka 1905. Hiyo ndiyo iliyowakesha vijana wakikariri maneno yake. Yeye alifundisha kwa mazungumzo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Mwanafunzi wake Zilu alimuuliza: nikisikia jambo jema, nilitende papo hapo? Akajibiwa asubiri, kwani ana baba na kaka wa kushauriana nao. Mwanafunzi mwingine, Ran You, akauliza swali lilelile, akaambiwa atende mara moja. Gongxi Hua, mwanafunzi wa tatu aliyeyasikia majibu yote mawili, alichanganyikiwa, akataka kujua sababu. Mwalimu akamweleza kuwa Ran You ni mtu wa kusitasita, ndiyo maana alimsukuma. Zilu ana pupa ya watu wawili, ndiyo maana alimzuia.

Nafundisha hisabati sekondari, na kisa hiki nakitumia karibu kila kipindi. Kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono kabla hajamaliza kusoma swali, na kuna anayepata jibu kisha akalifuta kwa woga. Wote wawili huniuliza, "Mwalimu, nimepata?" Wa kwanza namwambia asome swali tena anionyeshe njia yote, hata kama jibu ni sahihi. Wa pili namwambia amepata, aje ubaoni. Wengine wakilalamika kuwa napendelea, nawaeleza wazi, kama alivyoelezwa Gongxi Hua. Huelewa upesi kuliko tunavyodhani.

Darasa likiwa kubwa huwezi kuwajua wote kwa mkupuo. Nikisahihisha madaftari naandika neno moja kando ya jina: haraka, woga, anaiga. Nashughulika na wachache kila wiki, kisha nahamia kwa wengine.

Lipo pia fundisho lake la kitu chenye pembe nne. Confucius alisema akimwonyesha mtu pembe moja naye asirudi na tatu zilizobaki, harudii somo. Nusu ya kwanza naishika: nafanya mfano mmoja ubaoni, naweka chaki chini, nawaachia swali la aina ileile lililogeuzwa kidogo, nanyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu, uvumilie. Nusu ya pili siifuati. Waliomwendea yeye walikwenda kwa hiari yao. Wetu wameletwa na sheria na wazazi, na wengine wamekuja hawajala. Pembe tatu zisiporudi, natafuta pembe nyingine ya kuanzia.

Kuhusu ada, alisema hakuwahi kumnyima somo aliyekuja na fungu la nyama kavu tu, na mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, Yan Hui, alikuwa fukara wa uchochoroni. Mwalimu mwenzangu, usibakize sehemu ya somo mchana ili uiuze jioni kwenye tuisheni. Asiye na hela ya tuisheni mwandikie swali la ziada kwenye daftari lake, ulisahihishe kesho yake.