Jibu: Matawi ya sayansi, gredi ya saba

Mwalimu, umeuliza uanze vipi kuwafundisha wanafunzi matawi ya sayansi bila kuwakaririsha majina yake. Wapeleke Haller Park, hifadhi iliyoko Bamburi, Mombasa. Pale palikuwa timbo la kuchimbia mawe ya saruji, jangwa tupu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, akaanza kujaribu kupanda miti. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Lakini majani yake yakawa yanarundikana tu, hayaozi. Akaleta majongoo! Wakayatafuna, kinyesi chao kikarutubisha udongo.

Sasa waulize watoto. Mawe yale yalitokana na nini? Matumbawe ya kale, hiyo jiolojia. Majani yaligomaje kuoza? Tanini, kemikali iliyomo majanini, hiyo kemia. Jongoo je? Biolojia. Fizikia wataikuta ufuoni, maji yakijaa na kupwa.

Koti jeupe la mwanasayansi wa picha za vitabuni liache, linawapotosha.