Herufi Zilizovurugwa: Maswali ya Wasomaji

Habari za kazi, wahariri. Mwanangu yuko darasa la tano. Kila Jumapili hukaa na ukurasa wa watoto gazetini, pale wanapovuruga herufi za neno la Kiingereza na kumtaka msomaji azipange. Jumapili iliyopita zilikuwa B-T-E-L-A. Alihangaika karibu nusu saa, akapata TABEL, LABET, BATEL, kisha akaacha. Darasani Kiingereza anakiweza. Nimwanzishie wapi? Mama wa Mbagala

Mama, neno TABLE mwanao analijua. Kinachomponza ni sikio la Kiswahili. Tazama alivyopanga: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Silabi zetu ndivyo zilivyo, na hata watoto wanapocheza kinyume huhamisha silabi nzima: LIMA inakuwa MALI, KATA inakuwa TAKA. Kiingereza hurundika konsonanti bila irabu katikati, kama STREET inavyoanza na tatu, na maneno yake mengi hufungwa kwa konsonanti. TABLE nayo huishia na LE ambayo E yake haitamkwi. Akilitafuta neno kwa sikio atazunguka tu. Afundishwe kulitafuta kwa jicho.

Tena asibahatishe. Herufi tatu tofauti hupangika kwa namna 6, nne kwa namna 24, tano 120, sita 720, saba 5,040. Akitumia sekunde tano kwa kila mpango, neno la herufi tano litamchukua dakika 10, la sita saa nzima, la saba saa saba. Kwa hiyo aanze na herufi tatu, A-E-T, mpaka aone mwenyewe kwamba zinatoa EAT, ATE na TEA. Akizoea, aende kwenye nne.

Herufi asiziandike kwa mstari kama gazeti lilivyoziandika, kwa sababu jicho litaendelea kuusoma mstari uleule. Azipange kwa duara, konsonanti nje na irabu katikati. Kisha aanzie nyuma: neno hili linaweza kuishia na nini? Kwa B-T-E-L-A ajaribu LE, mwisho wa APPLE, BOTTLE na LITTLE. Zinabaki B, T na A, na kazi imeshakuwa ya herufi tatu.

Mtengenezee herufi za kushika mkononi. Vizibo vya soda vinafaa sana: kata karatasi ya duara, andika herufi kubwa, ibandike ndani ya kizibo. Arobaini zinatosha kuanzia: E tano, A nne, I na O tatu tatu, U mbili, T, S, R na N tatu tatu, L na D mbili mbili, kisha P, M, B, C, G, H na K moja moja. Kila herufi ipigie mstari chini. Kizibo hakina juu wala chini, na bila mstari huo N ikilala inageuka Z, na ukija kuongeza W itachanganywa na M.

E zimezidi kwa sababu ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika maandishi ya Kiingereza. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, ambao tangu 1948 unaitwa Scrabble, alihesabu herufi kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la The New York Times ndipo akagawa vipande. Kati ya vipande 100 vya Kiingereza, E ni 12, ilhali Q, Z, J, X na K ni kimoja kimoja. Ukitengeneza vya Kiswahili usinakili hesabu hiyo: A lazima ziwe nyingi zaidi, Q na X hatuna kabisa, na C hatuitumii bila H.

Shikamooni wahariri. Niko kidato cha pili, Tabata. Rafiki yangu akiona herufi saba anatoa jibu papo hapo, mimi naona vurugu tu. Anaona nini nisichokiona?

Marahaba. Yeye haoni herufi saba, anaona vipande viwili au vitatu. Chukua R-G-N-I-E-D-A. Macho yanapokutana na I, N na G pamoja, zitoe na uziweke kulia. Zimebaki R, E, D, A. Hapo kuna READ, DEAR na DARE. Lipi linapokea ING bila kubadilika na likawa neno? READ, kwa hiyo READING.

DARE linapokea pia, lakini hudondosha E na kuwa DARING, herufi sita, na wewe una saba. Hapa wengi hukwama, kwa hiyo shika mambo matatu. E ya mwisho isiyotamkwa huondoka mbele ya ING: MAKE, MAKING. Kitenzi kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudia konsonanti hiyo: RUN, RUNNING. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka I mbele ya ED, CARRY ikawa CARRIED, lakini mbele ya ING inabaki: CARRYING.

Vipande vingine vya kuzoesha jicho ni ED, ER, LY, EST na NESS nyuma. UN, RE na DIS mbele. TH, SH na CH popote. CK na NG hazianzi neno la Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili ajihadhari hapo, maana sisi tuna ng'ombe na ngoma. Q karibu kila mara huandamana na U. Neno halipendi kuishia na V, ndiyo maana GIVE na HAVE zina E.

Ila kipande kisikufunge. Herufi G-H-I-N-T ukishika ING utapata THING, na utaikosa NIGHT. Ukikwama dakika mbili, kivunje kipande ulichoshikilia na uanze na kingine.

Gazeti lilitoa T-S-O-P, mdogo wangu akajibu POTS. Majibu yalipotoka yakasema STOP. Amekosea? Msomaji wa Sinza

Hajakosea. Herufi hizo zinatoa STOP, SPOT, POTS, TOPS, POST na OPTS. Angekosea tu kama fumbo lilikuwa na dokezo la maana. Azoee kukata kila herufi aliyoitumia kwa kalamu. Makosa mengi ni kutumia herufi moja mara mbili au kuiacha.

Kwenye mazoezi ya kuunda maneno tunapewa neno kama POSSIBLE au DEEP, tulibadilishe lijaze pengo. Nitajuaje kama ni UN, IN au IM? Msomaji wa Temeke

Kwanza soma pengo, neno lenyewe baadaye. Baada ya THE na kabla ya OF panahitajika nomino: THE DEPTH OF THE RIVER, kina cha mto. Kitenzi kikitangulia na sentensi inasema jambo lilifanywaje, ni kielezi: SHE SPOKE POLITELY. Mara nyingi kiambishi cha nyuma hubadili aina ya neno, na cha mbele hubadili maana. Kwa hiyo aina ya neno ikishakaa sawa, uliza kama sentensi inataka ukanushi. Wengi hupoteza alama hapa, wanajaza POSSIBLE mahali ambapo maana yote inadai IMPOSSIBLE.

Kuhusu IM, jibu unalo tayari kinywani. Tunasema nyumba ndogo lakini nyumba mbaya, kwa kuwa n ikikutana na b midomo hufunga na n hugeuka m. IN nayo hufanya hivyo mbele ya P, B na M: IMPOSSIBLE, IMBALANCE, IMMATURE. Mbele ya L huwa IL, kama ILLEGAL, na mbele ya R huwa IR, kama IRREGULAR.

UN haibadiliki kamwe, hata mbele ya herufi hizohizo: UNPLEASANT, UNLUCKY, UNREAL. Lipi linachukua UN na lipi linachukua IN halina kanuni moja ya kutegemea. Yaandike kwenye daftari kwa jozi, HAPPY na UNHAPPY, CORRECT na INCORRECT, HONEST na DISHONEST, matano kwa siku, na kesho yake funika upande wa kulia ujipime.